Mjukuu wa Kiberiti

Walipomzika Beatus kule Katindiuka waliniketisha kwenye mkeka wa majirani. Sikulalamika. Nilikuwa nimefika kwa bajaji, na fimbo yangu na kanga ya msiba, na kijana aliyekuwa akipanga watu, mjukuu wake bila shaka kwa jinsi paji la uso lilivyokuwa pana, aliniuliza kwa adabu, "Shikamoo bibi. Wewe ni wa upande gani?" Nikamjibu, "Marahaba. Nikalishe popote penye kivuli." Pale hakuwepo hata mmoja ambaye angelijua jibu lenyewe. Waliolijua wamelala nyuma ya nyumba, kwenye makaburi yao, na aliyewashinda wote kwa ukali wa mdomo, Bibi Sekunda, bibi yake Beatus, yuko safu ya kwanza chini ya saruji iliyopasuka. Nilimpitia kabla ya kukaa. Watu hunisifia kwamba uzee umenilainisha. Hawanijui. Nilisimama juu ya saruji ile na kitu cha kwanza kunijia kilikuwa hasira, mbichi kabisa, kama ile ya mwaka niliokuwa na miaka kumi na minane, wali wetu ulipotemwa mbele ya wageni, sahani zikiwa bado zinafuka mvuke, kwa sababu mimi ni uzao wa mchoma chakula.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, nilikuwa nakaa Ifakara kwa shangazi yangu Agata, dada wa marehemu baba yangu. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, imepakwa chokaa mbele tu, upande wa barabarani; nyuma iliachwa na rangi yake. Sebuleni palikuwa na meza moja, viti vya kamba, na dirisha dogo la ubao ambalo halikufunga vizuri wakati wa masika kwa sababu mbao zilikuwa zimevimba. Kwa sababu ya dirisha hilo ndipo Beatus akaja. Alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache, mwenye vumbi la mbao kwenye kope. Alilitengeneza dirisha, kisha wiki iliyofuata akarudi kulitengeneza tena likiwa zima. Shangazi alimtazama akilipapasa ubao usio na kasoro, akanitazama mimi, akaingia jikoni akicheka peke yake. Mimi nilikuwa nikishona nguo za watoto kwa ajili ya masista wa misheni, na tangu siku hiyo nilihamishia ushonaji wangu pale sebuleni. Mpaka leo harufu ya mbao mbichi hunikumbusha miezi ile, na najua inavyosikika mwanamke wa umri wangu akisema hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Mavuno ya mpunga yalipokwisha, watu wa kwao wakaja kuposa. Walikuja wazee wawili wa kiume, na Bibi Sekunda, ambaye kwa desturi hakupaswa kuja, lakini alisema hataletewa mke wa mjukuu wake kama anavyoletewa gunia lisilofunguliwa. Alikuwa mwembamba, ameyafunga maungo kwa kaniki, na macho yake yalitembea chumba kizima kabla hajaketi. Shangazi alikuwa amepika tangu alfajiri: wali mpya unaonukia, kuku wa kuchemsha, na samaki kitoga mkubwa kutoka mtoni aliyekaangwa akaungwa kwa nyanya. Nilileta maji nikapiga goti, nikawanawisha wote. Bibi Sekunda alinishika mkono akaugeuza kiganja juu, kama mtu anayekagua nafaka, akasema, "Mkono wa kazi." Nilifurahi. Wakaanza kula. Mzee mmoja, kwa kutafuta mazungumzo tu, akamuuliza shangazi kwao ni wapi, shangazi akasema Lupiro, ng'ambo ya mto. "Lupiro kwa nani?" Shangazi akasita. Niliona akisita. Kisha akasema, "Kwa mzee Mihambo." Sauti ya kutafuna ikakoma upande mmoja wa meza. Bibi Sekunda akauliza taratibu, "Mihambo yupi? Mihambo Kiberiti?" Shangazi akainamia sahani yake, na hilo lilitosha. Yule bibi akauweka mkono mbele ya mdomo, akautema wali uliokuwa kinywani, akaulaza ukingoni mwa sahani yake kama mwiba wa samaki.

"Chakula cha Kiberiti sili," alisema. "Mzee wenu alikula cha kwetu. Kinatosha."

Akanyanyuka. Wale wazee walinyanyuka nyuma yake, mmoja wao bado akiwa na paja la kuku mkononi, hajui aliweke wapi. Beatus hakuwemo chumbani. Mposaji hakai na washenga. Alikuwa nje barabarani akisubiri furaha, akaona bibi yake anatoka kama mtu anayeikimbia nyumba inayoungua.

Mimi sikujua kitu. Kwetu babu Mihambo alikuwa kaburi huko Lupiro na jina ambalo baba yangu alilibeba nyuma ya lake, basi. Nilimfuata shangazi jikoni, nikamkuta anasugua sufuria ambayo bado ilikuwa na chakula. "Babu alifanya nini?" Hakuinua kichwa. "Alikuwa baba yangu. Alinibeba mabegani akanivusha maji ya mafuriko. Unataka nini zaidi?" "Nataka kujua kwa nini mtu mzima ametema wali wetu." "Muulize aliyeutema." Sufuria ile aliisugua mpaka jioni. Kwa hiyo niliyajua kwanza kwa watu wengine, jinsi mtu anavyoyajua mambo ya kwao yenye aibu. Nilikuwa bafuni kwetu, ua wa mabua, na ng'ambo ya ua jirani zetu wawili walikuwa wanapepeta mchele. "Ndiye yule mjukuu?" mmoja aliuliza. "Ndiye. Babu yake alikuwa rugaruga. Vita vya Majimaji vilipokwisha, Wadachi wakawatuma wale rugaruga wazunguke wachome vihenge vya watu, mpunga, mtama, kila kitu. Unafikiri watu wa huku walikwisha kwa risasi? Walikwisha kwa njaa. Bibi yangu alikuwa akisema walichemsha ngozi za kulalia." "Na yule shangazi mtu anapika wali anawaalika watu!" "Hana haya." Nilisimama na kata ya maji mkononi, sabuni ikinikaukia mwilini, na sikujimwagia mpaka walipoondoka.

Baada ya hapo ilienea. Mwanamke aliyekuwa akiniuzia nazi alianza kuniwekea nazi chini badala ya kunipa mkononi. Kwenye darasa la kushona, msichana mmoja aliniomba nisikae karibu na taa ya mafuta, na wenzake wakaangua kicheko. Kilichoniuma hakikuwa jina. Kilichoniuma ni kwamba walikuwa na hadithi nzima juu yangu na mimi sikuwa nayo hata kipande. Beatus alikuja mara moja, mchana, akasimama nje ya lile dirisha lake. "Fausta, vumilia. Bibi ni mtu mzima. Hasira zitapoa." "Na zisipopoa?" Alikitazama kidole gumba chake, kilichokuwa na ukucha mweusi kwa kupigwa nyundo. "Amesema nikikuoa, nisikanyage msiba wake." Nikalifunga dirisha, nalo likafunga vizuri sana, maana alikuwa fundi.

Ndipo nilipoamua kwenda Kiberege. Huko alikuwako mzee mmoja, Farjala, ambaye kila baada ya mavuno alikuja kumsalimu shangazi, akala, akapewa samaki wakavu, akaondoka. Nilijua kwamba yeye na babu "walitembea pamoja", kama alivyozoea kusema, na sasa nilielewa walitembea wapi. Mtu akiniuliza kwa nini nilikwenda, ningependa kujibu kwamba nilitaka ukweli. Nilitaka silaha. Nilitumaini kusikia kwamba babu alilazimishwa, au kwamba aliokoa mtu, au hata kwamba wale watu wa Katindiuka nao walifanya lao, kitu chochote cha kumtupia yule bibi usoni. Nilimdanganya shangazi kwamba masista wamenituma, nikapanda lori la mfanyabiashara wa mpunga, juu ya magunia matupu, vumbi likanifanya mweupe kama maiti.

Chumba cha Mzee Farjala kilinuka ugoro na mafuta ya taa. Kitanda cha kamba, sanduku la bati, kanzu moja imetundikwa msumarini, na ukutani picha ya gazeti ya mfalme wa nchi nisiyoijua. Nilipomwamkia alinishika uso kwa mikono miwili. "Marahaba, marahaba mjukuu wangu! Pua ya Mihambo hii! Mtu hafi kweli." Akamwamuru jirani yake apike, ukaletwa ugali wa mtama na mlenda, akala kwa furaha ya mtu ambaye hatembelewi. Nilipomwambia nimekuja kumsikia babu yangu, aliyafuta macho. Hakuna aliyewahi kumwuliza, alisema. Watoto wake mwenyewe walimwambia anyamaze.

Akasimulia. Walitoka upande wa Tabora, vijana, yeye na Mihambo, wakafuata msafara wa Wadachi kwa sababu kijijini kulikuwa na ukame na msafarani kulikuwa na nyama. Askari wenyewe walikuwa na sare na mshahara. "Sisi rugaruga tulipewa kitambaa chekundu cha kufunga kichwani, na bunduki mbovu. Mshahara wetu ulikuwa huko mbele tunakokwenda. Ukikuta mbuzi, wako. Ukikuta mtu, wako." Alisema hivyo huku akinisogezea bakuli la mlenda. "Vita vyenyewe vilikuwa vifupi. Kazi ilikuja baadaye. Walisema, watu hawa wamekimbilia milimani, hatuwezi kumfuata mmoja mmoja, chomeni chakula, watashuka wenyewe. Babu yako alikuwa na akili ya moto. Sisi tulitia juu, kwenye kifuniko, unafuka moshi tu. Yeye alizunguka kwanza, anasikiliza upepo, anatia chini. Kihenge kimoja na kingine na kingine, vyote vinashika. Mdachi mwenyewe akampa jina, Kiberiti. Akacheka, tukacheka wote."

"Hakuna aliyekataa?"

"Yuko aliyekataa. Akachapwa viboko mbele yetu, akalala kwa tumbo mwezi mzima. Mihambo hakuwahi kuchapwa."

"Na wenye chakula?"

Aliniangalia kana kwamba nimeuliza juu ya ndege waliokuwa wakila mpunga huo. Kisha, labda kwa kuona nimeacha kula, akataka kunifurahisha. "Lakini ndiko alikompata bibi yako! Hilo hawakukuambia? Tulipanda mlimani kwa mhunzi mmoja, mfua majembe. Mwenyewe hakuwepo. Tukasikia kikohozi ndani ya kihenge. Babu yako alikuwa tayari ameshika kijinga cha moto, akakirusha pembeni, akaingiza mkono, akamtoa binti. Mkubwa huyo, kifua ndiyo kwanza kinachomoza. Tulijua ana mdogo wake maana kulikuwa na viatu vidogo vya ngozi, lakini huyo hatukumpata. Mihambo akasema, huyu fungu langu. Akambadili jina akamwita Zuhura."

Bibi Zuhura nilimkumbuka. Alifariki nikiwa mdogo. Mwanamke mkimya, mwenye kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, toka kiwiko hadi kifundo, lililokunjika kama utando wa maziwa. Alikuwa akiniruhusu kulipapasa nilipokuwa nasinzia mapajani mwake.

"Alikuwa akilia?" niliuliza.

"Mwanzoni wote hulia," alisema Mzee Farjala. "Baadaye akapika vizuri sana." Akageuka kutafuta ugoro wake. "Yule mhunzi nilisikia alishuka bondeni baadaye. Watoto wake wako Katindiuka huko, mpaka leo nasikia wanafua majembe."

Wanafua. Baba yake Beatus, mtoto wa Bibi Sekunda, alikuwa na mivukuto ya kufulia chuma nyuma ya nyumba, aliyoirithi kwa babu yake mzaa mama, na majembe yake yaliuzwa sokoni Ifakara. Watu wa ukoo ule waliitwa watu wa majembe. Nilirudi juu ya lori lilelile, safari hii magunia yakiwa yamejaa, na ninaweza kuapa kwamba sikuhuzunika njia nzima. Nilikuwa nimeijua habari ya kutisha ya bibi yangu mzazi, na nilikuwa nachekelea. Silaha niliipata. Yule mwanamke alikuwa ametema wali wa mtoto wa dada yake.

Sikupitia hata nyumbani. Nilishuka njia panda nikaenda Katindiuka na vumbi langu. Bibi Sekunda alikuwa kwenye kibanda cha jiko, anatwanga, na Beatus alikuwa karibu na mlango anachonga mpini. Alipouona uso wangu akasimama. Sikumwamkia yule bibi, na hilo peke yake lilikuwa tusi.

"Ulikuwa na dada," nilisema.

Mchi ulishuka mara moja zaidi, kisha ukabaki kinuni. "Nani kakutuma?"

"Ulikuwa na dada mkubwa. Rugaruga walimtoa kwenye kihenge cha baba yenu. Wewe walikukosa."

"Walimuua."

"Hawakumuua. Mihambo alimchukua akamfanya mke. Ndiye aliyemzaa shangazi yangu na baba yangu. Huyo Kiberiti unayemtemea mate ni babu yangu kweli. Na bibi yangu ni dada yako tumbo moja. Sasa uniambie nani hana haya."

"Mwongo wewe. Watoto wa nyumba ile mnazaliwa na uongo." Lakini alikuwa ameushika ukingo wa kinu kwa mikono yote miwili. "Mkono wake ulikuwaje?"

"Wa kushoto una kovu la moto. Toka hapa hadi hapa."

Alikaa chini, pale pale kwenye pumba. Alisema neno moja, "Sikitu," na sikuelewa kwamba ni jina mpaka aliporudia. "Sikitu alianguka kwenye makaa ya baba. Mimi nilikuwa namfukuza, tunacheza." Kwa muda kidogo nilidhani nimeshinda. Beatus alikuwa ameangusha mpini. Yule bibi aliuliza alifariki lini, nikamwambia nilikuwa mdogo, kama miaka kumi na mbili hivi iliyopita. Aliuliza aliishi wapi. Nikasema Lupiro.

"Lupiro." Akaliweka jina lile mdomoni kama ule wali. "Lupiro ni kutwa moja. Ukitoka na jogoo, jioni umefika. Miaka yote ile alikuwa Lupiro anapika chakula cha mchoma vihenge, na hakuja?" Sauti ilimpanda. "Mama yetu amekufa akimwita! Na yeye yuko Lupiro!" Nilipojaribu kusema kitu alinigeukia, na macho yake yalikuwa makavu. "Na wewe unachekea nini? Umefurahi? Basi sikia. Jana nilikuwa mimi tu ninayekataa, na mimi ni mzee, ningekufa, mngeoana. Leo Beatus ni ndugu yako. Umekwenda Kiberege ukajifungia mlango mwenyewe."

Naandika haya nikijua kwamba msomaji ameshaliona jambo hilo kabla yangu. Mimi sikuwa nimeliona. Niliketi juu ya magunia mwendo wote ule nikilinoa neno moja, dada yako, dada yako, na halikunijia hata mara moja upande wake wa pili. Nilimtazama Beatus. Alikuwa ameinama kuokota mpini wake, na aliinama muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Baadaye alioa msichana wa Kiberege, mtu mwema, akanialika harusini, sikwenda.

Bibi Sekunda alitaka kuliona kaburi. Hakuomba, alituma mtu kusema kwamba siku fulani atakuwa kivukoni na atakayempeleka awepo. Shangazi, niliyekuwa nimeshamweleza yote na ambaye alikuwa hajasema nami tangu hapo ila "leta" na "peleka", alijifunga kitambaa kichwani akasema, "Twende. Asije akasema tulimficha." Tulikuwa wanne: wao wawili, Beatus aliyembebea bibi yake mzigo, na mimi. Pantoni ilivutwa taratibu kwa kamba, maji ya mto yakiwa yameshapungua na kuacha kingo za matope zenye nyayo za viboko. Ng'ambo tulitembea kwenye majani marefu ya bonde, njia nyembamba, mmoja nyuma ya mwingine, na kwa vile Bibi Sekunda alikuwa mbele tulitembea kwa mwendo wake, na mwendo wake ulikuwa wa haraka. Tulipopumzika alikaa kando, akala mihogo yake aliyokuja nayo, ametupa mgongo. Nilimsikia Beatus akimwambia kwa sauti ya chini, "Bibi, hawa si watu wabaya." Akajibiwa, "Sikuuliza."

Makaburi yalikuwa nyuma ya shamba la zamani, mawili, yamezungushiwa mawe, majani yameyafunika yote kama kichwa kisichonyolewa. Shangazi akaonyesha kwa kidevu. "Baba. Mama." Bibi Sekunda alilipiga kaburi la babu kwa fimbo yake. Alilipiga tena na tena, bila neno, mpaka fimbo ikapasuka, na shangazi alisimama mikono imekunjwa akamwacha apige, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Kisha yule bibi akaligeukia kaburi la pili, na maneno yakaja. Alimtukana dada yake. Alimwita mlafi, alimwita mke wa fisi, alimwuliza kama wali wa Kiberiti ulikuwa mtamu, kama kitanda chake kilikuwa na joto, hata akasahau njia ya kutwa moja. "Ulishindwa nini kuja? Miguu ilikuwa mizima! Hata siku moja! Hata kuchungulia!"

"Alikuja, mama mdogo," alisema shangazi.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Bibi Sekunda akageuka kumtazama.

"Alinisimulia mwenyewe. Mlikuwa mmeshashuka bondeni, mmejenga kibanda Katindiuka. Alimtoroka baba akaja, amenibeba. Mimi nilikuwa mgongoni. Alifika mlangoni akamkuta mtoto wa kike amekaa peke yake, amekonda, tumbo limemvimba. Akamwambia, ni mimi, mwite mama. Yule mtoto akasimama mlangoni akanyoosha mikono, hivi, akazuia. Akamwambia, nenda zako, wewe umekufa. Akaokota jiwe. Mama akasubiri nje mpaka jua likageuka, hakuna mtu mwingine aliyetoka, akarudi Lupiro. Hakuniambia ni nyumba ya nani, wala hakuwahi kumtaja huyo mtoto kwa ubaya. Alisema tu, alikuwa mdogo."

Beatus alikuwa anamtazama bibi yake kwa uso wa mtu anayeomba aambiwe si kweli. Nami, Mungu anajua, nilimtazama pia, nikingoja avunjike, maana nilimdai hilo. Hakuvunjika. Aliyaangalia mabaki ya fimbo mkononi mwake, akayaweka chini.

"Tulikuwa na njaa," alisema. "Kulikuwa na samaki mmoja ndani, na mama alikuwa amelala. Nikaona wamekuja watu wawili wa kula."

Halafu akapiga magoti, kwa shida, akaanza kung'oa majani juu ya kaburi la dada yake. Aliyang'oa kwa mizizi, akiyakung'uta udongo, akiyarusha nyuma bila kuangalia. Alifika kwenye mawe yaliyotenga makaburi mawili, akasimama hapo hapo. Jani lililoota upande wa pili hakuligusa. Shangazi alimtazama kwa muda, kisha naye akaenda akapiga magoti upande ule mwingine, kwa baba yake, akaanza. Wakawa wameinama wote wawili, wamepeana migongo. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Yote niliyoyasikia Kiberege yalikuwa masikioni mwangu, kijinga cha moto, na mkono unaoingia ndani ya kihenge, na sikuwa na shaka ni upande upi nataka kuwa. Nikaenda nikapiga magoti kando ya Bibi Sekunda, kwenye kaburi la mwanamke aliyeniruhusu kulipapasa kovu lake, nikanyoosha mkono.

"Ondoka," alisema, hakunitazama. "Huyu ni wangu."

Nikanyanyuka, nikazunguka mawe. Shangazi alisogea bila kuinua kichwa, akaniachia nafasi, nikaanza kung'oa majani juu ya kaburi la babu yangu, maana ndilo lililokuwa limebaki.